Treni St. Paul mpaka Seattle: nipunguzeje gharama ya kulala bila kumtesa mama?

"Habari mtaalamu. Tupo St. Paul, Minnesota, na mdogo wangu anaoa katikati ya mwezi wa 8 kule Kent karibu na Seattle. Tutasafiri watano, mimi na wife, binti wa miaka 9, wa kiume wa miaka 4, na mama ambaye amekuja kututembelea toka Tanga, ana miaka 68, magoti yanamsumbua na ndege hataki kuisikia tena tangu alivyokuja. Nikaingia tovuti ya Amtrak, wale wa treni za abiria, kuangalia vyumba vya kulala, nilivyoona bei nikafunga simu. Mimi nilitegemea nilipie vitanda vitano basi, kama nyumbani, kumbe haiendi hivyo. Jamaa mmoja kanishauri ninunue ile pass ya dola 499 alafu niongezee kidogo nipate chumba, mwingine anasema tukate ya kukaa wote, tukishapanda nimwone kondakta atatupa chumba kwa bei ya kutupa. Je tukikaa kwenye siti usiku mbili mama atafika mzima kweli? Naomba unisaidie kupunguza gharama bila kumtesa bi mkubwa."

Kaka, hongereni kwa harusi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nikikusoma naona una hofu mbili zinazovutana, mfuko upande huu na magoti ya mama upande ule, na ukiangalia ile skrini ya bei unahisi lazima uchague moja. Sio lazima. Jibu langu nalitanguliza ili usome kilichobaki umetulia: usitafute kulala kwa watu watano. Nunua chumba kimoja kidogo, kiwe ghorofa ya chini, awemo mama na mtu mmoja wa kumsindikiza, nyie watatu mnaobaki mkae kwenye siti. Sababu ndo hizi zinafuata, na mwishoni nitakwambia hali ambazo ushauri huu utupe pembeni.

Tuanze na hilo la vitanda, maana ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Nyumbani kwenye reli ya kati ukisema unakwenda Kigoma daraja la pili kulala, unakatiwa kitanda, mnajazana sita chumba kimoja na watu usiowajua, wanaume kwao wanawake kwao, na kama mnataka kulala familia pamoja inabidi mchukue chumba kizima. Amtrak hawauzi kitanda, wanauza mlango. Ukishalipia chumba hakuna mgeni atakayeingizwa humo hata kama kitanda cha juu kiko wazi, na ndo maana mtu anayesafiri peke yake analia zaidi kuliko wote, kwa sababu kile kitanda kitupu kakilipia yeye.

Sasa bei yenyewe inavyotengenezwa. Kwenye skrini unaona namba moja kubwa lakini ndani yake kuna vitu viwili: nauli ya kila mtu, na juu yake ada ya chumba ambayo ni ya chumba na sio ya kichwa. Ukitaka kuhakikisha, tafuta tarehe hiyohiyo kwa mtu mmoja, andika bei ya chumba pembeni, alafu rudia kwa watu wawili, utaona haijawa mara mbili, imeongezeka kidogo tu. Tuchukulie namba za kufikirika, usije ukanidai hizi dirishani: nauli ya mtu mzima dola 150, ada ya chumba kidogo 400. Mtu mmoja humo analipa 550. Wakiwa wawili wanalipa 700, yaani 350 kila mmoja. Mtoto wa miaka 2 mpaka 12 akiwa na mtu mzima nauli yake ni nusu, mwenye miaka 65 na kuendelea anapunguziwa asilimia 10, ila mapunguzo hayo yanagusa nauli na hayagusi ada ya chumba, kwa hiyo usishangae ukiweka umri wa mama bei ya chumba ikabaki palepale imenuna.

Kwa namba hizohizo za kufikirika, nyie watano kwenye siti ni 135 ya mama, 150 yako, 150 ya wife, na 75 kwa kila mtoto, jumla 585. Ukiongeza chumba kimoja kidogo inakuwa 985. Ukisema familia nzima ilale, unachukua kile chumba kidogo kwa ajili ya mama na kile kikubwa cha familia kwa ajili yenu, tukikadiria ada yake 900, unafika 1,885. Umeona pengo lilipo? Na kuna jambo tamu hapo kati ambalo watu hawalioni: kwa kuwa nauli mnalipa wote vyovyote vile, nani aingie chumbani na mama haibadilishi jumla, awe mke wako, awe binti, ada ya mlango ni ileile. Chagua kwa mahitaji, usichague kwa bei.

Utauliza kwa nini ada hiyo inakuwa kubwa hivyo, na jibu liko kwenye behewa. Treni yenu ni Empire Builder, inatoka Chicago kwenda Seattle na Portland, na inatumia yale mabehewa ya ghorofa mbili yanayoitwa Superliner, ya kwanza yalianza kazi mwaka 1979 na kundi la pili likaja miaka ya 1990. Behewa la kawaida la kulala lina rumeti 14 (ndo kile chumba kidogo, kwenye tovuti imeandikwa Roomette), Bedroom 5, Family Bedroom 1, na chumba 1 cha mwenye ulemavu. Kwenye hizo rumeti mhudumu wa behewa naye anachukua moja ya kulala. Behewa la siti linabeba watu wengi zaidi na halihitaji mashuka, mito wala sahani. Mabehewa ya kulala ni machache, hayajaongezwa miaka mingi, na wanaoyataka wamekuwa wengi, sasa Amtrak wanapanga bei kwa ngazi, vyumba vya mwanzo bei hii, vikipungua wanapanda ngazi, na watu wakighairi inaweza kushuka tena. Kwa hiyo bei uliyoiona ukafunga simu ni bei ya dakika ile. Wiki ijayo inaweza kuwa nyingine, juu au chini.

Ile pass ya 499. Jamaa yako kaisikia nusu. USA Rail Pass ipo kweli, inakupa vipande 10 vya safari ndani ya siku 30, ni nzuri sana kwa kijana na begi lake anayetaka kuzunguka Marekani nzima, lakini ni ya siti tu na hairuhusu kuongezea hela ukapata chumba. Alafu ni pass moja kwa mtu mmoja. Kwa familia inayokwenda sehemu moja na kurudi haikusaidii chochote, achana nayo.

Na yule wa kondakta. Zamani mambo hayo yalikuwepo sana na hadi leo utasikia mtu anahadithia kwamba alipanda akapewa chumba kilichobaki, mimi simwiti mwongo. Ila wewe unasafiri mwezi wa 8, ambao Waamerika wote wanapeleka watoto mbuga ya Glacier kuangalia milima, na unaye mama mwenye magoti. Chumba kinachobaki mwezi wa 8 ni kama samaki aliyebaki sokoni saa 12 jioni, jiulize kwanza kwa nini kabaki. Bahati nasibu icheze siku ukiwa peke yako.

Haya, rumeti yenyewe. Ni ndogo jamani, nisikudanganye, upana kama futi 3 na nusu kwa urefu futi 6 na nusu. Mchana ni viti viwili vinatazamana dirishani, usiku mhudumu anavivuta vinakuwa kitanda cha chini na kingine anakishusha toka juu. Mama chini, mwenzake juu, na kitanda cha juu kina mikanda ya kuzuia mtu asidondoke. Choo na bafu viko nje, mnachangia behewa zima. Hapo ndipo ghorofa inapokuwa na maana, kwa sababu kwenye Superliner vyoo karibu vyote na bafu viko chini, na mlango wa kuingilia uko chini. Rumeti nyingi ziko juu, chini zipo chache tu. Ukiacha mashine ikuchagulie, mama anaweza kuangukia juu, na akitaka choo usiku akakuta kile kimoja cha juu kina mtu, basi ni kushuka ngazi nyembamba zenye kona huku treni inayumba. Kwa hiyo hii usiikate mtandaoni kimyakimya. Piga simu Amtrak, 1-800-872-7245, kabla ya kulipa mwambie wakala unataka rumeti ya ghorofa ya chini, na asikuguse kadi mpaka akutajie namba ya chumba.

Chini kuna kasoro yake na ni lazima niiseme. Behewa moja kwenda jingine unapita juu tu. Yaani kwenda kwenye behewa la chakula, kwenda kwenye lile behewa la vioo la kuangalia mandhari, kote lazima upande ngazi kwanza. Mama akishindwa au asipotaka, mhudumu anamletea chakula chumbani, hilo ni jambo la kawaida, aombe bila aibu. Lakini pia maana yake nyie mlioko kwenye siti mtakuwa mbali naye, na rasmi mabehewa ya kulala ni ya wenye tiketi za kulala. Kuna wahudumu watakuacha ukamsalimie mama dakika chache, kuna wengine watakurudisha mlangoni, yote usiyachukulie vibaya. Ndo maana nikasema msindikizaji uchague kwa mahitaji. Kama mama anajiweza, anaamka mwenyewe usiku, binti wa miaka 9 anatosha na atakuwa mkalimani wake kwa mhudumu, na hiyo safari hawataisahau. Kama anahitaji kushikwa mkono kwenda chooni, awe mke wako, wewe ubaki na wanao wawili kwenye siti, na hapo ujiandae kisaikolojia maana yule wa miaka 4 halali kirahisi!

Chakula ndicho kinachofanya chumba kisiwe ghali kama kinavyoonekana. Wenye chumba wote wanakula bure, yaani kimo kwenye bei. Kutoka St. Paul treni inaondoka kama saa 5 kasoro usiku, chakula cha jioni kimeshapita, kwa hiyo usihesabu hicho, lishaneni nyumbani kabla. Kesho yake mnapita North Dakota na Montana mchana kutwa, hapo kuna cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, mnalala tena, asubuhi inayofuata kifungua kinywa kabla ya kuingia Seattle kama saa 5 na nusu. Milo minne kwa kila aliyemo chumbani, watu wawili ni sahani nane. Ukipiga mahesabu ya ada ya chumba toa hizo sahani kwanza, ndo ulinganishe na hoteli. Kwa asiyekula nyama ya huko kwa sababu za dini, samaki na kitu kisicho na nyama kwa kawaida havikosekani kwenye menyu.

Nyie wa siti msijionee huruma sana. Siti za safari ndefu huku sio zile za basi la mkoani. Ni mbilimbili, pana, zinalala nyuma sana, zina kitu cha kuegemeza miguu, na nafasi ya mbele mtu mrefu ananyoosha. Tatizo sio siti, tatizo ni baridi ya AC usiku, taa za vituoni, na jirani anayekoroma. Chukueni blanketi nzito kila mtu na yake hata kama ni mwezi wa 8, mito midogo, soksi, na kitu cha kuziba macho. Chakula bebeni chenu, inaruhusiwa kula kwenye siti: chapati, maandazi, mayai, kuku mkavu, matunda, thamosi ya chai. Hawatakupashia moto mgahawani kwa hiyo msibebe wali na mchuzi mkitegemea maikrowevu. Familia inayobeba kikapu inaokoa pesa nyingi humo ndani kuliko ujanja wowote wa tiketi ninaoufahamu, vitu vya mgahawani bei yake ni ya uwanja wa ndege kabisa. Na mizigo ya harusi isikutie presha, kila tiketi ina mabegi mawili ya kukabidhi stesheni bure, kila moja mwisho pauni 50, mbali na yale ya mkononi. Watu watano hayo ni mabegi kumi, hata vitenge vya sare za ukoo mzima vinaingia.

Kuna ujanja wa kukata usiku mmoja tu badala ya zote mbili, wanauulizia watu wengi, ngoja niuweke sawa. Unaweza kununua siti kwa kipande kimoja na chumba kwa kipande kingine kwenye treni hiyohiyo, mfano chumba kutoka St. Paul mpaka Minot ambako mnafika asubuhi kama saa 3, kisha mnahamia siti. Au kinyume chake, mkae siti usiku wa kwanza na mchana wote, chumba kianzie Whitefish kama saa 3 usiku mpaka Seattle. Wakati mwingine ada inashuka vizuri kwa sababu umbali ni mfupi, wakati mwingine inakuwa karibu sawa na safari nzima, hakuna kanuni, inabidi utafute vipande vyote na ujumlishe. Kwa mtu mzima mwenye afya ni jambo zuri. Kwa mama yako sikushauri, maana kuhama behewa treni ikitembea ni kupanda ngazi na kushuka, na ukikata kipande cha usiku umepoteza milo ya mchana ambayo ndo ilikuwa inafidia gharama.

Ujanja ninaoupenda zaidi kwa safari yenu ni huu wa Portland, na watu hawaujui. Empire Builder ikifika Spokane usiku wa manane inakatwa vipande viwili, mabehewa mengine yanakwenda Seattle, mengine Portland, na behewa la kulala la Portland lina vyumba vyake vinavyouzwa kivyake. Inatokea Seattle wamepandisha ngazi ya juu kabisa na Portland bado wako chini, au kinyume. Nyie mnakwenda Kent, na Kent iko kusini ya Seattle. Ukishuka Portland asubuhi unabadilisha treni ya Amtrak Cascades inayopanda kaskazini, na inasimama Tukwila, ambayo ni jirani kabisa na Kent, mdogo wako anakuja kuwachukua hapo hata kabla haijafika Seattle. Kwa hiyo tafuta bei mara mbili, St. Paul kwenda Seattle, na St. Paul kwenda Tukwila kupitia Portland. Zingatia mambo mawili tu. Safari yote iwe kwenye tiketi moja, ili treni ya kwanza ikichelewa mkakosa ya pili wao ndo wawatafutie nyingine. Pili, behewa la chakula linakwenda na upande wa Seattle, wa Portland mtapewa kifungua kinywa cha baridi cha kwenye boksi. Na kubadilisha treni kwa magoti yale ni kazi, ingawa stesheni ya Portland mama anaweza kuombewa kiti cha magurudumu, iandikishe mapema kwenye tiketi.

Kuchelewa nako nikuambie wazi. Reli hiyo si mali ya Amtrak, kwa sehemu kubwa ni ya kampuni ya mizigo ya BNSF, na treni ya mizigo ikiziba njia mnasubiri. Usipange kufika siku ya harusi, wala jioni ya kuamkia harusi. Fikeni siku mbili kabla. Hiyo pia inakusaidia kwenye bei kwa sababu unaweza kuchagua Jumanne au Jumatano badala ya kugombania Alhamisi na Ijumaa na watu wote.

Tarehe ndo penye pesa nyingi kuliko hata punguzo lolote. Kwenda huna la kufanya, harusi ni mwezi wa 8 na mwezi wa 8 ni msimu. Tiketi zinafunguliwa takriban miezi 11 kabla, na kwa msimu huo kwa kawaida anayesubiri ndo anaumia, hasa anayetaka rumeti ya chini ambazo zinahesabika kwa vidole. Ila kurudi mko huru zaidi, watoto shule kwa kawaida zinafungua baada ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa mwezi wa 9), basi angalia kila siku ya wiki moja moja, tofauti ya Jumapili na Jumatano unaweza kuishangaa. Angalia na vyumba peke yake, usiangalie jumla ya watu watano, maana siti zikipanda zitakuficha kwamba chumba kimeshuka.

Kwenye kurudi hukohuko ndo ningetumia BidUp. Huu ni utaratibu wa Amtrak wenyewe, umeshakata siti, wanakuruhusu utaje kiasi uko tayari kuongeza upewe chumba, wakikubali wanakata kwenye kadi, wakikataa hujapoteza kitu na siti yako iko palepale. Kabla ya kubonyeza soma vizuri kama namba unayotaja ni ya mtu mmoja au ya chumba, watu wameumia hapo. Na ofa inakwenda kwa tiketi nzima, kwa hiyo msikate watano tiketi moja, mama na msindikizaji wake wawe na tiketi yao, kama itakavyobidi kwenye kwenda, kwa kuwa huko wao ni kulala na nyie ni kukaa. Tahadhari, wakikubali hawakuulizi juu au chini. Ndo maana nasema kwenda usicheze, mnunulie mama chumba cha uhakika, kurudi mkiwa mmeshajua mama alivyoipokea safari ndo mjaribu bahati. Nyie watu wazima mjiandikishe na pointi za Amtrak Guest Rewards kabla ya kulipa, ni bure, kila dola inaleta pointi 2, hazitawafikisha mbali safari hii lakini kuziacha mezani ni ujinga. Kadi ya mkopo kwa ajili ya pointi tu, hapana, riba ya mwezi mmoja itakula kila ulichookoa.

Kuhusu Family Bedroom, najua utaiangalia tu. Iko chini, inachukua upana wote wa behewa, vitanda viwili vya watu wazima na viwili vifupi vya watoto, inabeba wanne, na choo hakimo ndani. Nzuri sana kwa familia yenye watoto wadogo, lakini ni moja tu kwa behewa na nyie mko watano, kwa hiyo bado utahitaji mlango wa pili. Ukiikuta kwa bei iliyolala, mama, wife na watoto wote wawili waingie humo, wewe mwanaume mzima ukakae kwenye siti peke yako na kitabu chako. Sijaona mume aliyekufa kwa hilo.

Na kama hata chumba kimoja kinakushinda? Hapo usikope. Kwenye behewa la siti kuna siti chache za ghorofa ya chini kwa ajili ya wazee na wenye shida ya kutembea, vyoo viko hapohapo chini, hakuna ngazi. Mwombe wakala amwandikie mama siti ya chini, na mtu mzima mmoja naye. Usiku mbili atachoka, hilo sikufichi, miguu itamvimba kidogo, awe anaamka kunyoosha kila baada ya muda na avue viatu. Wazee wengi wanasafiri hivyo.

Ila kabla ya kuamua siti kwa mama mpeleke kwanza amwone daktari kama amewahi kuganda damu miguuni, kama amefanyiwa upasuaji wa goti karibuni, au mguu mmoja umevimba na kuuma kuliko mwingine. Kukaa saa nyingi kwa mtu wa namna hiyo ni hatari, na hapo hesabu yangu yote ya dola haina kazi, fuata atakachosema daktari hata kama ni kuahirisha. Na kama anatumia kiti cha magurudumu au kitembezi, uliza chumba cha mwenye ulemavu, kiko chini, kina choo chake ndani, na kinashikiliwa kwa ajili yao mpaka siku 14 kabla ya safari ndipo wengine wanauziwa.

La mwisho halihusu bei ila litakugharimu kuliko tiketi. Sehemu kubwa ya Montana na North Dakota treni inakwenda sambamba na mpaka wa Canada, na maafisa wa mpakani wanaweza kupanda na kuuliza makaratasi. Mama atembee na pasipoti yake halisi yenye viza, na karatasi ya I-94 (rekodi ya kuingia kwake Marekani) ichapishwe, viwe kwenye mkoba wake mwenyewe humo chumbani, visiwe kwenye begi mlilokabidhi wala kwako kwenye siti behewa la nne. Kama muda wake wa kukaa una utata wowote, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjakata tiketi, hilo mimi sikushauri kwa maandishi. Mengine yote, ukiona simu inakuzungusha, nenda Union Depot pale St. Paul na tarehe zako mbili tatu umeziandika, umwambie wa dirishani akutafutie zote, Seattle na Tukwila, chumba cha chini, huku unaangalia naye skrini.